Kibuyu cha Bibi Oliva

Pale Gendabi, ukionja pombe ya mtama ya Gaudensia huna haja ya kuuliza imetoka nyumba gani. Siri ilikuwa kibuyu alichoachiwa na marehemu mama mkwe wake, Bibi Oliva. Hakikuoshwa hata siku moja. Machicha yaliyobaki chini ndiyo yaliyochachusha pombe iliyofuata, hivyo hivyo miaka nenda miaka rudi.

Basi ikaja habari kwamba Rogers, mtafiti wa chuo aliyechota kijiko cha machicha mwaka jana, anarudi kukiona kibuyu. Mgeni msomi! Utampokeaje na kibuyu kinachonuka? Gaudensia akakisugua kwa majivu, akakisuuza kwa maji ya moto, akakianika juani.

Rogers alipofika aliamkia, akachungulia ndani ya kibuyu.

"Mama, umekiosha?"

"Nimekiosha vizuri kabisa, mwanangu."

Rogers akashika kichwa. Akaeleza kwamba mle ndani mlikuwa na hamira hai, isiyoogopa joto la jua, ingawa maji ya moto huiua. Chuoni wameibadilisha ivumilie hata pombe kali, ili igeuze mabua ya mahindi kuwa mafuta ya magari. Ile ya asili ilikufa kwenye jokofu umeme ulipokatika, ndiyo maana amefuata nyingine.

Gaudensia akakitazama kibuyu. Magari nayo yanakunywa pombe? Na kama ilikuwa hai, ina maana ameiua kwa mikono yake? Jumamosi wazee wanakuja kumposa binti yake Rahel, na alishaapa watakunywa pombe ya Bibi Oliva, si nyingine.

"Huna hata kidogo?" Gaudensia akamuuliza.

Rogers akatoa kichupa kwenye begi. "Ipo hii tuliyoibadilisha. Lakini haijapimwa kwa watu, mama. Siwezi kukupa unyweshe wageni."

"Ni ya Bibi Oliva, au si yake?"

"Ni yake," Rogers akasita. "Ila siyo ile."

Jibu gani hilo? Gaudensia akafungua kifuniko, akanusa. Ilikuwa harufu ileile iliyompokea jikoni humo asubuhi ya kwanza ya ndoa yake. Machozi yakamtoka, wala hakujua analia kwa furaha au kwa uchungu.

"Shikamoo, mama," akakiambia kichupa.

Kisha akamrudishia Rogers kwa mikono miwili, akachukua kikombe, akaenda kwa jirani yake Letisia kuomba chachu.