Jiko la Bibi wa Uani

Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi pale Kariakoo, na ugonjwa wake mkubwa ulikuwa haki. Wenzake walipata cheo wakaota vitambi. Yeye alipata cheo akapata daftari. Kutwa alikaa barazani na cherehani yake, anashona suruali za watu huku akiwaza nani kapunjwa na nani kazidishiwa.

Miaka ile sukari ilitoka duka la ushirika kwa mgao, kila kaya na fungu lake. Ilikuwa rahisi mpaka ilipobidi kuamua kaya ni kitu gani. Kwenye nyumba zetu kila chumba kina mpangaji, mpangaji ana shemeji, na shemeji kaja na mpwa wake. Baba alikuna kichwa juma zima, akatoka na sheria: kaya ni jiko. Wanaokula sufuria moja ni kaya moja. Aliitangaza mkutanoni kwa sauti ya mtu aliyevumbua moto.

Mtaa ulimwelewa kuliko alivyotaka. Sidhani kama mafundi bati wa mtaa wa Gerezani waliwahi kuuza majiko kama mwezi ule. Jirani yetu na mkewe walitengana jikoni, kila mtu na sufuria yake, lakini chumbani mambo yakaendelea mpaka mke akashika mimba. Baba alipouliza, mume akamjibu kwa adabu, "Balozi, wewe ulisema jiko. Hukusema kitanda."

Aliyeumia ni bibi wa chumba cha uani. Alikuwa mjane kutoka Lindi, hana ndugu mjini. Alikuwa mwanachama wa kikundi cha akina mama waliotengeneza kashata na kuziuza Mnazi Mmoja, meza moja, kinachopatikana wanagawana sawa. Kila mmoja alichangia sukari ya mgao wake, na asiyeleta mara mbili mfululizo nafasi yake alipewa mwingine. Bibi alikuwa ameshakosa mara moja, kwa sababu alikula kwetu. Mama hakuweza kumwona mtu mzima anapika kikombe cha mchele peke yake, hivyo tangu siku aliyohamia tulikula naye. Huruma ya mama ndiyo iliyomtoa kwenye orodha ya baba.

"Mwandike," mama alimwambia baba.

"Anakula kwangu. Sufuria moja, kaya moja."

"Kwa hiyo nimnyime chakula ndiyo daftari lako limtambue?"

Baba alisema sheria ikipindishwa nyumbani kwa balozi, nyumba zote kumi zitaivunja, kana kwamba hazijaivunja tayari. Nilimchukia siku hiyo, na sijawahi kujuta.

Mama akaenda Gerezani, akanunua jiko, akaliweka mlangoni kwa bibi. Baba akaja kulikagua. Aliinama na miwani yake, akapitisha kidole ndani, kidole kikatoka safi. "Hili halijaona mkaa," akasema, akarudi kwenye cherehani. Mtaa mzima ulimdanganya kwa majiko yaliyopakwa masizi, na sisi familia ya balozi tukakamatwa na jiko jipya. Hata kudanganya hatukujua.

Bibi hakugomba. Alisema tu kwamba akikosa na mgao huu atarudi Lindi, maana meza ile ndiyo inayomlipia chumba. Alikuwa anakunja kanga zake huku anasema. Aliyelia ni mama.

Kesho yake mama hakuwasha jiko letu. Alibeba sufuria, mwiko, birika, hata kinu, akavihamishia kwa bibi. Chai, ugali, mchicha, vyote vikapikwa pale, na bibi ndiye aliyepakua. Baba alikula siku tatu bila kuuliza, kwa sababu hakuwahi kujua chakula kinatoka upande gani wa nyumba. Siku ya nne, siku ya kuandika orodha, mama alimshika mkono akampeleka mbele ya jiko letu, ambalo alikuwa amelisugua mpaka limeng'aa.

"Pitisha kidole."

Baba akapitisha. Kikatoka safi.

"Sasa niambie, balozi. Sisi tunakula jiko la nani?"

Nilidhani atafoka. Alisimama akifuta miwani kwa ncha ya shati, muda mrefu, kisha akaagiza aletewe daftari. Siku zote mimi ndiye niliyemwandikia, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri. Safari hiyo aliandika mwenyewe.

Jumamosi, mbele ya duka la ushirika, foleni imejaa, balozi akasoma majina. Alipofikia majina ya nyumba yetu hakushusha sauti. Alisoma jina la bibi, mkuu wa kaya. Akasoma wategemezi wake: mama, mimi, na mwisho kabisa jina lake mwenyewe. Watu walicheka mpaka muuzaji akaiacha mizani. Baba alisubiri wamalize, akaendelea na kaya iliyofuata.

Bibi alipokea mfuko wake, akaupima kwa mkono. "Nusu ya kashata, nusu ya chai," akasema. Hakuna aliyebisha, kaya ilikuwa yake. Kisha akamgeukia baba.

"Haya, mwanangu. Si unakula kwangu? Beba."

Baba akafunga daftari, akalibana kwapani, akaubeba ule mfuko mpaka nyumbani, akimfuata bibi nyuma.