Pembe ya Jamvi

Juzi ghalani Wesha, tunakouza karafuu zetu, karani alichota karafuu katika gunia la bibi mmoja wa vilimani, akavunja moja karibu na sikio lake. Haikulia.

"Mbichi, Bi. Kazianike tena."

Bibi alitazama vilima vya kwao, vimeshafunikwa na mvua. "Mwanangu, siku ya tano hii jua sijaliona. Zikikaa tena guniani zitaoza."

"Mimi jua sinalo."

 Bibi alitandika jamvi uani, palipokuwa na jua kidogo, akazimwaga. Sote tuliokuwa kwenye foleni tukainama kuzitandaza, huku tukichungulia wingu. Tone la kwanza lilimwangukia karani, aliyekuwa ametoka kutazama, akaruka kushika pembe ya jamvi kabla yetu.

Wakubwa wa maofisini hutuhimiza kila msimu tukaushe karafuu vizuri. Natamani nao washikishwe pembe moja.