Ganda la Kumi na Mbili

Mkono wa mizani ulikuwa wangu. Mume wangu alikuwa na vidole vinene vya gereji, na pupa. Mimi nilimaliza kidato cha nne Mombasa nikiwa wa kwanza darasani kwa kemia, nikitaka kuwa nesi, na kemia yangu yote ikaja kuishia kwenye meza ya jikoni mjini Manassas, Marekani, nampimia baruti ya bunduki.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Alifanya kazi ya matairi, na huko mzee mmoja wa Kizungu alimuuzia bunduki ya kijeshi ya vita vya kale, nzito kama mchi. Risasi za dukani hakuzitaka. Aliyeyusha vile vipande vya madini wanavyobana kwenye rimu za magari kusawazisha tairi, akavimimina kwenye kalibu huko huko nyuma ya gereji, maana ndani ya nyumba yenye mtoto nilimkatalia, tukagombana siku mbili. Risasi za kumimina ni laini. Baruti ikizidi, zinachubuka mtutuni. Ikipungua, zinatawanyika kwenye shabaha kama mtama wa kuku. Basi kila wiki tulijaribu kiasi kingine, mimi naandika daftarini. Sitadanganya, nilikuwa napenda. Ilikuwa saa moja katika wiki nzima ambayo mtu aliniuliza kitu nami nikawa na jibu.

Kulikuwa na jambo moja la kuogopa. Baruti yenyewe ni kidogo, na ganda la shaba inamotiwa ni refu. Ukitia mara mbili kwa bahati mbaya haimwagiki wala haionekani kwa nje, lakini ukifyatua, bunduki inakupasukia usoni. Kwa hiyo tuliwekeana sheria: kabla hajabana risasi kwenye midomo ya maganda, ayamulike yote kwa tochi.

Jumamosi ile nilisimamisha maganda ishirini kwenye kibao chenye matundu, mstari mmoja. Nilianza kulia, nikaenda kushoto. Ndivyo nilivyofundishwa kusoma Kurani chuoni tangu nina miaka mitano, na mpaka leo hata sahani nazipanga hivyo. Kila ganda nililotia, alama moja daftarini. Nilifika alama kumi na moja. Kipimo cha kumi na mbili kilikuwa tayari kwenye kisahani cha mizani.

"Mama, mtoto analia!"

Mume wangu alikuwa kwenye kochi, anatazama mpira wa kikapu. Kitanda cha mtoto kilikuwa karibu na goti lake kuliko rimoti.

"Si uko hapo?"

"Anakutaka wewe. Mimi atanimwagia machozi bure."

Nikaenda. Nikabadilisha nepi, nikanyonyesha, nikambembeleza. Niliporudi mezani kisahani kilikuwa kitupu. Nikajiambia, kumbe nilishatia. Nikaweka alama, nikaendelea na la kumi na tatu. Kumwuliza hakukunijia, kwa hasira niliyokuwa nayo. Baadaye akaja kubana risasi upesi upesi wakati wa matangazo. Tochi hakuigusa. Mimi niliona, nikanyamaza. Hilo nalibeba mwenyewe.

Jumapili tulimwacha mtoto kwa jirani yetu, mama mmoja wa Kirundi, tukaenda kiwanja cha shabaha. Baridi, mvua ya manyunyu, wanaume wachache wenye makoti. Mume wangu akafungua sanduku, risasi zimepangwa kama zilivyokuwa kibaoni, akaanza kuzichukua kutoka kushoto. Nane za kwanza zilikaa pamoja, ungezifunika kwa kikombe cha kahawa. Aligeuka akacheka kama kijana aliyeniposa.

"Umeona, daktari wangu? Hiki ndicho kipimo!"

Ya tisa ikasema *pff*. Bunduki haikumpiga bega.

"Fataki mbovu, haikuwasha baruti," akasema. Akavuta komeo, akatoa ganda, mkono tayari kwenye ya kumi.

"Acha! Weka chini!"

"Sasa unapiga nduru ya nini? Watu wanatuangalia."

"Chungulia mtutu."

Akachungulia kwa nyuma. Giza. Fataki peke yake ilikuwa imeisukuma risasi, nayo ikakwama katikati. Angefyatua nyingine nyuma yake, ningekuwa naandika habari za mjane.

Nikanusa lile ganda. Halikuwa limetiwa baruti hata chembe. Lakini mimi niliipima. Iko wapi? Ndipo nikakumbuka kile kisahani kitupu.

"Hebu niambie," nikasema. "Jana, nilipokuwa na mtoto, ulikuja mezani?"

"Nilikusaidia. Niliona kipimo kimekaa tu."

"Ukatia wapi?"

"Daftarini ziko kumi na moja. Nikahesabu kumi na moja, nikatia kwenye la kumi na mbili."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka kushoto. Kwani watu huanzia wapi?"

Kwangu mimi niliyeanzia kulia, la kumi na mbili kutoka kushoto lilikuwa la tisa, nilikuwa nimeshalitia zamani; la kumi na mbili langu ndilo lililobaki tupu. Sasa lile lake lilikuwa na vipimo viwili. Lilikuwa pale sandukuni, nafasi ya tatu kutoka mkono wake.

Aliweza kuinuka kwenye kochi kwa ajili ya baruti. Kwa mtoto wake hakuweza. Nilisimama kwenye mvua na nitasema ukweli: kwa pumzi moja niliwaza, je, kama ningenyamaza? Wazo hilo sikumwambia mtu. Nikafunga sanduku, nikalishika kifuani mpaka kwenye gari.

Nyumbani nilimlaza mtoto, nikatandaza gazeti mezani. Nikaling'oa risasi ganda la kumi na mbili, nikalimwaga taratibu, nikapima. Vipimo viwili kamili. Rundo lenyewe dogo, ungedhani pilipili manga. Nikamsogezea chini ya taa.

Aliinama akalitazama. Alijipitisha mkono usoni, kwenye jicho la kulia, lile analolengea. Nikangoja. Nilitaka neno moja tu, nisingejali lipi.

Chumbani mtoto akaanza kulia.

"Mama," akasema, macho bado kwenye baruti, "mtoto analia."

Nikainuka. Mtoto hakuwa na kosa.