Website iliandika "Imetumwa", mdogo wangu akaendelea kunywa maji ya kisima kile

Wakuu, poleni na majukumu.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Majina nimebadilisha, mengine yote yako jinsi yalivyokuwa. Kama unatafuta uzi wa kuchekesha pita tu, huu sio.

Mimi ni mwanamke, niko Tarime mjini. Natengeneza website za watu wa kawaida: gesti, shule binafsi, maduka ya vifaa vya ujenzi.

Na niseme mapema, mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuutikisa. Mume wangu ananicheka, wateja wananicheka, nimeshazoea.

Sasa, rashi ya dhahabu ilipoanza kule upande wa Kemambo, mji wetu ulifurika. Watu wanakimbilia dhahabu kutoka kila kona, wengine wamevuka mpaka wa Sirari, gesti hazina nafasi, bei ya nyanya imepanda kama vile nazo zinachimbwa. Huko mashambani, palipokuwa na mahindi pakawa na maduara, yale mashimo ya wachimbaji. Na kando ya maduara mialo, yaani sehemu wanazosaga mawe na kukamatia dhahabu kwa zebaki.

Zebaki ndiyo ilimpa kazi mteja wangu mmoja, nimwite Hamisi. Ana maabara ndogo ya kupima maji. Wanavijiji walikuwa wameanza kuogopa visima vyao, kwa hiyo kamati za maji zikawa zinamletea sampuli. Akaniomba mfumo: kamati inajisajili, yeye anapandisha majibu, website inatuma barua pepe yenye cheti.

Najua mtauliza kwa nini sio WhatsApp. Nilimuuliza. Alisema cheti cha kitaalamu hakiwezi kukaa pamoja na picha za "asubuhi njema". Hamisi ukianza kubishana naye siku imeisha, nikaacha.

Wa fani mnajua: barua zikitoka moja kwa moja kwenye seva ya bei nafuu, nyingi zinaishia spam. Kwa hiyo nikaunganisha website na kampuni ya nje ambayo kazi yake ni kutuma barua tu. Nikaweka SPF na DKIM, yale maandishi ya kwenye domain yanayothibitisha kwamba barua ni yako kweli. Nikajaribu kwa anwani zangu zote, zikaingia inbox. Kesho yake nikajaribu tena, ndivyo nilivyo.

Kikabaki kitu kimoja, utaratibu wa Hamisi.

Hamisi kabla ya maabara alikuwa mchimbaji. Kwenye duara lao, aliye chini akipata shida anavuta kamba. Kamba isipovutwa, walio juu wanaendelea na kazi. Akataka na mfumo uende hivyo hivyo. Sampuli ikifika, inatoka barua fupi ya kwamba imepokelewa. Baada ya hapo, maji yakiwa mabaya, barua ya majibu inatumwa. Yakiwa mazuri hakuna barua, cheti utachukua siku ukija mjini.

Kamati zote zilielewa mara moja. Kule karibu kila nyumba ina mtu aliyewahi kukaa juu ya duara ameshika kamba.

Sasa niwaambie kuhusu Bhoke.

Bhoke ni mdogo wangu, ameolewa kijiji kimoja huko huko. Wakati huo alikuwa na mimba changa, ya kwanza, baada ya kuhangaika sana mpaka ndugu wa mume wakaanza maneno. Ukoo mzima tulikuwa tunambeba kama yai.

Siku moja akanipigia, ana furaha tele. Katikati ya maongezi akasema, "Dada, siku hizi hata watu wa mwaloni wanateka maji kwetu. Kisima chetu si kilipimwa, na maabara hawajasema kitu."

Nikamwambia vizuri. Nikakata simu. Halafu nikarudi kwenye kompyuta.

Sikuwa na sababu yoyote, wakuu. Ni ule ugonjwa wangu wa kurudi kutikisa mlango. Nikafungua mfumo, nikatafuta jina la kijiji chao. Mbele yake, kwenye safu ya majibu, pameandikwa: Imetumwa.

Nikaanza kupumua vizuri. Kisha akili ikafika.

Imetumwa. Kama imetumwa, basi kulikuwa na cha kutuma. Maji ni mabaya.

Nikafungua cheti. Zebaki, juu ya kiwango. Nikakosea kuandika password ya ile kampuni ya kutuma barua. Nilipofanikiwa kuingia nikakuta barua yenyewe haijatoka kabisa. Imezuiwa kwa sababu anwani ya mpokeaji iko kwenye orodha ya watu waliokataa kuandikiwa.

Website yangu ilikuwa imeambiwa tu kwamba ombi la kutuma limepokelewa. Hiyo ndiyo ilikuwa "Imetumwa" yetu.

Nikampigia Bhoke, simu haiingii. Nikapiga tena na tena. Rashi ile ilikuwa imejaza watu kwenye mnara mmoja wa simu, mchana kupata mtandao ni bahati. Nikachukua bodaboda.

Dereva njia nzima ananiuliza kama naenda kununua mzigo wa dhahabu. Kila mwanamke tuliyempita na ndoo kichwani nilitamani kumsimamisha, na sikujua hata ametoka kisima gani.

Nilimkuta Bhoke nje anachambua dagaa. Alifurahi. Akaingia ndani, akanitolea maji ya kunywa kwenye glasi, kama tunavyomfanyia mgeni yeyote.

Nikayamwaga chini.

Akanishangaa. "Dada, yamechemshwa."

"Kuchemsha hakuondoi zebaki, Bhoke. Majibu yalitoka. Hayakufika."

Hakulia. Aliweka mkono tumboni akauliza polepole, "Ninachokunywa mimi, na yeye kinamfikia?"

Nikamwambia avae viatu. Mpaka leo nikikumbuka swali lile nasikia baridi.

Tukaenda kwa katibu wa kamati ya maji, ambaye ndiye aliyesajiliwa kupokea barua. Nimwite Mwalimu Mwita, mtu mzima, mtaratibu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba binti yangu. Mbona unahema?"

Nikamweleza. Akatoa simu, akatafuta, hamna kitu. Nikamuuliza kama alishawahi kupokea chochote kutoka maabara.

"Binti, tangu rashi hii ianze naandikiwa na watu siwajui," akasema. "Huyu ananunua dhahabu, yule anataka nitangulize hela ya mashine. Jirani yangu hapa walishamliza. Nikajiwekea sheria: barua ya mtu nisiyemjua, nabonyeza spam. Ilikuja moja, ya sampuli imepokelewa. Haina jina la mtu, na imeandikwa usijibu. Nikasema ni wale wale, nikabonyeza."

Ndio hapo, wakuu. Baadhi ya watoa huduma za barua pepe, ukibonyeza spam, wanamtaarifu aliyetuma. Kampuni za kutuma zinalinda jina lao, kwa hiyo zinaifungia anwani yako isiandikiwe tena. Barua ya pili, iliyobeba cheti, haikuwa na njia ya kumfikia.

Na mwalimu alifanya kile ambacho sisi wenyewe humu tunahubiri kila siku. Nilitafuta wa kumkasirikia, nikamkosa.

Yeye hakusubiri nimalize kueleza. Alikwenda kugonga kengele ya shule, na haikuwa saa ya kengele. Watu wakaja mbio wakidhani kuna msiba. Aliwaambia mwenyewe, kwa Kikurya, mbele ya watoto wake wa darasani. Wakafunga pampu ya kisima kwa mnyororo siku ile ile.

Hamisi safari hii hakubishana. Sasa hivi majibu yote yanatumwa, mazuri na mabaya, na yana jina lake na namba yake ya simu. Ile kampuni inaturudishia taarifa kwamba barua imefika kweli au imekwama. Ikikwama, Hamisi anapiga simu. Simu isipoingia, anatuma mtu na pikipiki.

Bhoke nilimhamishia kwangu mjini. Daktari amempima, akasema mtoto ataangaliwa akizaliwa na baada ya hapo, na hakuna wa kutuhakikishia kitu mapema. Kisima kile wamekunywa wengi, na mwenye mimba hakuwa yeye peke yake.

Nilichojifunza: "imetumwa" ni neno la mashine yako. Kama website yako inabeba jambo ambalo mtu akilikosa ataumia, usikae kimya kwa mwenye majibu mazuri, na ingia leo uangalie waliofungiwa.

Naandika haya nikiwa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi. Bhoke ameingia tangu asubuhi.

Wenye uzoefu wa kutuma barua, wekeni makosa mliyokutana nayo hapa chini, nitasoma yote, nahitaji kitu cha kusoma. Wenye kujua habari za zebaki na watoto wachanga, kama ni habari mbaya, naomba leo msiandike.