Tausi Bado Anasema

Usiku ule nililala na shati la kutokea, aibu imenichosha. Mchana nilikuwa nimefanya upuuzi. Mtafiti alinipigia simu kwamba kile kipande cha utumbo ambacho marehemu mke wangu Tausi alikubali kitunzwe kimefika maabara ya pamoja, ile inayohudumia hospitali nyingi, na kwamba jeni zake bado zinasema. Mimi, mtu ambaye hata sokoni naenda kwa kusukumwa, nikapiga pasi shati, nikapanda basi kwenda kumsikiliza mke wangu. Yule mtafiti, binti wa watu, hakucheka. Akanieleza taratibu kwamba ugonjwa ukiingia utumboni jeni nyingine hupaza sauti, nyingine hunyamaza. Ila ni namna ya kusema tu, mashine ndiyo inayozisoma, sauti hakuna. Nikashukuru, nikarudi nyumbani, nikajitupa kitandani vilevile.

Mara nikaona niko maabara tena. Friji kubwa lilikuwa wazi, linafuka baridi, na ndani hamna vichupa, mna kibaraza chetu. Tausi ameketi na watu nisiowajua, waliotoka hospitali mbalimbali, wanangoja zamu ya mashine moja kama watu wanaoshirikiana kinu. Wanataniana kuhusu matumbo yao bila haya. Natafuta pa kukaa, hakuna anayesogea. Tausi analitazama shati langu, anatabasamu lile tabasamu lake la kunicheka.

"Baba Asha, mimi huku nina majirani," anasema. "Wewe umemwambia nani?"

Nataka kumuuliza nimwambie nani nini, lakini najua. Ni damu ninayoiona chooni, kama ile aliyoiona yeye akaificha mpaka tukachelewa. Mlango wa friji sasa ni mlango wa chumba chetu, naye anaurudishia polepole, kama alivyozoea akidhani nimelala.

Nikaamka. Nyumba kimya, mezani chai ya jana, kikombe kimoja.

Nikachukua bakuli, nikaenda kwa jirani yangu Mama Shukuru kuomba chumvi, na chumvi ninayo. Nikasimama mlangoni nazungumzia mvua. Mvua ilipoisha mdomoni, nikamwambia yote, tumbo na damu, macho yangu yamezama kwenye bakuli.

Hakushtuka. Alijitanda kanga ya pili, akasema:

"Ukuta wetu mwembamba, Baba Asha. Hilo tumbo lako nalisikia siku zote, nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Weka bakuli chini, vaa viatu, twende hospitali."