Mtangazaji wa mlangoni agoma kuruka kimanga

Saa tatu asubuhi, na barabara ya maduka imeshachangamka. Mwanamke mfupi mwenye raba miguuni amesimama juu ya kreti la soda nje ya duka la magodoro, kipaza sauti mkononi. "Mjomba, njoo ubonyeze mwenyewe. Kuangalia hatutozi."

Wapita njia wanacheka, wawili wanaingia. Ng'ambo ya barabara, mwenye duka la cherehani anafunga dirisha. Sauti hiyo anaisikia kutwa, apende asipende, na zamani alikuwa akiilipa mwenyewe.

Mtaani wanamwita Kengele. Miaka sita alitangaza mbele ya duka hilo la ng'ambo, mpaka Jumamosi moja mdomo ulipoponza kichwa.

Wiki hiyo tajiri wake alimpa maneno mapya: mtu wa kwanza kufika mlangoni Jumamosi na cherehani mbovu ataondoka na mpya, bila kuongeza hata senti. Kengele akayatangaza hadi koo likakauka.

Jumamosi, kabla duka halijafunguliwa, akafika mshonaji wa sare za shule akisukuma mkokoteni wenye cherehani iliyokufa. Foleni ikajipanga nyuma yake. Tajiri akatoka, akaitazama ile cherehani, akacheka.

"Dada, lile lilikuwa tangazo tu, la kuchangamsha watu. Nikikupunguzia bei kidogo, si utashukuru?"

Mshonaji aligeuka akamtazama Kengele.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anakumbuka Kengele. "Maneno yalikuwa ya tajiri, lakini sauti aliyoifuata yule dada ni yangu mimi."

Akainua kipaza sauti. "Wa kwanza amefika na cherehani yake mbovu. Duka, toa mpya." Foleni nzima ikaitikia: toa mpya.

Cherehani haikutoka. Aliyetoka ni Kengele, kazini, hata saa sita haijafika.

"Mke wangu ukimwambia anyamaze, umemuongezea betri," anatania mumewe, fundi viatu. Anacheka, lakini hafichi kwamba wamekaza mkanda. Duka la magodoro linamlipa mkewe nusu ya alichokuwa akipata.

Mshonaji amefungua kesi. Wakili wa msaada wa kisheria anayemsimamia hamdanganyi kwamba ni mteremko.

"Kwa kawaida tangazo la duka ni mwaliko tu wa kuja kupatana," anaeleza. "Bei ikiwekwa dirishani, mwenye duka hajafungwa nayo. Ila hapa ilitajwa bidhaa, siku, sharti na nani atapewa. Sisi tunasema hiyo ni ofa, na aliyetimiza sharti ameikubali. Wenzetu wanabisha. Hakimu ndiye atakayeamua."

Na wenzao wamepata la kubisha: wanadai duka liliahidi punguzo tu, na mengine yote Kengele alitia chumvi mwenyewe. Wiki iliyopita tajiri alivuka barabara, mara ya kwanza tangu amfukuze.

"Akaniambia, 'Mama, tuyamalize. Rudi kazini, nakuongezea mshahara. Sema tu ulipitiwa ukaongeza maneno. Nani hakosei?'"

Alimjibuje?

"Nilimwambia asogee, anazuia wateja."

Kisha anashusha kipaza sauti. "Sisemi uongo, mshahara ule niliutamani. Binti yangu anaanza sekondari. Lakini nikikubali kuwa niliwadanganya watu, kesho nikiita nani atageuka? Mimi sina duka. Nina kitu kimoja tu, kuaminiwa, na hicho siwezi kumuuzia."

Alhamisi atasimama mahakamani kama shahidi. Mshonaji ashinde asishinde, Kengele amepanga kununua spika yake mwenyewe, asitegemee ya duka lolote, na kutangaza tu kitu ambacho mwenye mali amekitoa nje akakishika kwa mkono wake.

Wakili amemshauri aongee taratibu mbele ya hakimu, asijibu zaidi ya anachoulizwa. Kengele amesikia, na anatikisa kichwa.

"Nitayasema vilevile nilivyoyasema mlangoni," anasema. "Na tajiri akae mbele kabisa, asije akasema hakusikia."