Nyumba ya Watoto Njia ya Mutshatsha

Mgodi ulipoporomoka na unga wa kila mwezi kutoka kampuni ukaacha kuja, sisi familia chache tuliokuwa tukisali pamoja tulihama Musonoi, kambi ya wachimbaji mjini Kolwezi. Tulipata shamba kando ya njia ya Mutshatsha, tukakubaliana kuishi bila changu wala chako. Hata watoto. Walilala katika nyumba moja ndefu ya matofali mabichi, wakala popote palipofuka moshi, na kila mwanamke alikuwa mama yao. Mtoto akianguka, aliye karibu ndiye amwinue. Kumwambia "nenda kwa mama yako" lilikuwa kosa la kuzungumzwa baada ya sala.

Moyo wangu haukutulia katika sheria ile. Kila jioni nilijikuta dirishani kwa watoto, nikitafuta kichwa cha binti yangu kati ya vichwa vingine. Jirani yangu alinicheka. Alikuwa mwanamke wa asili ya Kasai. Babu yake ndiye aliyeletwa zamani kutoka mkoa huo wa mbali kufanya kazi mgodini. Tulijifungua karibu wakati mmoja, na homa ilipomkausha maziwa nilimnyonyesha binti yake pamoja na wangu.

"We unachunga kama kuku," aliniambia. "Acha batoto bakomae."

Kisha maneno yakaanza mjini. Watu wa Kasai wakaitwa bilulu, wadudu wanaokula mali ya wenyeji. Waliozaliwa Kolwezi, wasiojua hata Kasai iko upande gani, walitolewa majumbani mwao. Tulijipa moyo kwamba shambani hayatafika. Yalifika asubuhi moja tukipalilia mihogo: vijana wenye fimbo waliuliza watoto wa Wakasai ni wepi.

"Batoto ni ba bote," akawajibu tata, mzee aliyetuongoza katika sala.

"Basi tutachoma nyumba ya bote," mmoja akasema, bila hasira, na wakaahidi kurudi.

Tulikutana mchana uleule. Nilitarajia tutasema neno moja. Badala yake mtu akasema afadhali wachache waondoke kuliko shamba lote liungue, na wengine wakatazama chini. Jirani yangu alisimama.

"Miaka yote mulinikataza kusema 'mutoto wangu'. Leo munaniambia nichukue wangu?"

Akatoka mkutanoni. Alimtoa binti yake katika nyumba ya watoto. Mtoto alishika kitenge changu akilia mama, mama, na hatukujua anamwita nani kati yetu.

Niliwasindikiza hadi stesheni ya Kolwezi. Watu walikuwa wamejaa kando ya reli, chini ya mashuka na maturubai, wakingoja treni ya Kasai isiyo na siku. Nikawa mtu wa kwenda na kurudi, nimebeba bukari, ugali wetu, na maji. Nikiwa shambani nilihisi namsikia yule mtoto wa jirani akikohoa. Nikiwa stesheni nilimwaza wangu. Surua ilipoingia pale nilimwambia jirani, "Niachie yeye. Nitasema ni wangu. Nilimunyonyesha."

Alichukua kitenge.

"Na bakimuuliza mwenyewe? Mutoto hajue kudanganya." Akamfunga mgongoni. "Anaenda na mi."

Treni ilikuja siku ambayo sikuwepo. Nilikuta majivu ya moto wao, na familia nyingine imeshatandika mahali pale.

Shambani hakuna aliyetangaza lolote, lakini kila mama alikwenda kumchukua mtoto wake alale kwake. Mimi nilikuwa wa kwanza. Kabla ya mvua nyingine tulikuwa tumetawanyika, na familia yangu ikarudi Musonoi.

Yule mtoto aliishi. Alikuja miaka mingi baadaye, mama mwenye biashara ya nguo, akaulizia kwa watu hadi akanipata. Jirani yangu alikuwa amefariki huko Kasai. Kiswahili kilikuwa kimempotea mgeni wangu. Aliongea Kifaransa na binti yangu, naye akanitafsiria. Mimi niliinuka kila mara, nikachochea mkaa uliokuwa ukiwaka vizuri.

Aliuliza kama ni kweli nilitaka kumbakiza. Nikasema ni kweli.

"Mama alinisimulia kila aliponikemea," akasema. "'Kuna mwingine alikutaka,' aliniambia, 'lakini nilikubeba mimi.'"

Kesho yake binti yangu alimsindikiza kwenye gari la Lubumbashi. Niliwaaga mlangoni, nikaingia ndani, nikatoka, nikawafuata.